Kuitia roboti wanja: miezi saba na kichupa cha Tamiya hapa Mtwara

Juu ya kabati la vioo kibandani kwangu, hapa Chikongola, nimesimamisha roboti mbili za plastiki. Zote ni modeli za kujenga mwenyewe za Gundam RX-78-2, roboti ya katuni ya Kijapani, kutoka kampuni ya Bandai, toleo la Entry Grade, kipimo cha 1/144. Zilikuja kwenye maboksi yanayofanana, kwa bei moja, katika mzigo mmoja. Wateja wanaosubiri simu zao huziangalia, na karibu kila anayeuliza huinyooshea kidole ile ya kulia: "Fundi, hii ndiyo ya bei kubwa, eeh?" Hiyo ya kulia sikuipaka rangi hata tone. Nimeipaka vanishi angavu, nikaitia wanja, basi.

Wanja wenyewe unauzwa kwa jina la Panel Line Accent Color. Ni kichupa cha mililita 40 kutoka Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani. Ninacho tangu Desemba, na sasa ni mwishoni mwa Juni, kwa hiyo nimekitumia wakati wa mvua, wakati wa jua, na siku ambazo kuta za Mtwara zinatoa jasho. Mtu akiniuliza anunue nini baada ya kununua modeli yake ya kwanza, jibu langu ni hiki. Akinunue kabla ya brashi, kabla ya chupa za rangi, kabla ya kopo la kupuliza. Mimi nilianza na chupa sita za rangi, na kwa wiki tano hakuna hata moja iliyonifurahisha. Kichupa hiki kilinifurahisha siku ile ile.

Modeli nitaisema kwa kifupi maana haina taabu. Bandai walianza kutoa modeli za Gundam mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya katuni yake kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani, na hii ya Entry Grade waliitoa 2020 wakimlenga mtu asiyewahi kushika modeli. Vipande vinang'oka kwenye fremu kwa vidole. Hutumii plaizi wala gundi. Rangi imo ndani ya plastiki yenyewe: kifua cha buluu, tumbo jekundu, mikono na miguu myeupe, na hata macho ni kipande cha plastiki, si stika. Kwenye hadithi roboti hii ina urefu wa mita 18, gawa kwa 144 unapata sentimita 12 na nusu, na ndivyo inavyosimama kabatini. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliijenga ya kwake kwa alasiri moja, tukiwa tumesogea dirishani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kitu kimoja tu cha kuangalia: pale kipande kilipokuwa kimeshikana na fremu hubaki kikonyo kidogo, kama cha embe. Kisugue kwa msasa namba 600, kisha 1000, taratibu, mpaka kidole kisikihisi. Wanja utakaofuata hauna huruma na vikonyo. Unavikusanyikia pembeni na kuvitangaza.

Sasa, roboti iliyotoka kwenye boksi ina kasoro moja. Mikono myeupe inaonekana kama imechongwa kwenye mche wa sabuni. Mifereji ya kuonyesha bati linaishia wapi na lingine linaanzia wapi ipo, wabunifu wameichora kwa ustadi mkubwa, lakini plastiki nyeupe inarudisha mwanga hata kutoka chini ya mfereji, na jicho linapita juu bila kuona kitu. Kazi ya wanja ni kuweka kivuli mle ndani.

Naomba nieleze inavyokwenda, kwa sababu hapa ndipo penye raha yote. Natikisa kichupa dakika nzima, maana rangi hutuama chini kama unga wa ubuyu kwenye juisi. Mfuniko una brashi yake ndani, nyembamba kuliko ya rangi ya kucha. Naifuta kwenye mdomo wa chupa ibaki na unyevu tu, halafu nagusa kwenye paja la roboti, pale mifereji miwili inapokutana. Nagusa na kuondoa mkono. Sivuti, sichori. Kioevu kinaondoka chenyewe. Kinafuata mfereji, kinapinda kona, kinafika kwenye goti na kusimama. Ni kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi: njia ikiwa nyembamba na kioevu kikiwa chepesi, kuta za mfereji zinakivuta mbele bila kusukumwa na mtu. Mara ya kwanza nilipokiona kikikimbia vile nilirudia mguu wa pili papo hapo ili nikione tena, na hata leo napunguza sauti ya redio nikifika hapo.

Pale ulipogusa brashi panabaki doa. Liache. Nasubiri robo saa mpaka mng'ao wa unyevu uishe, kisha nachukua pamba za masikio. Nachovya ncha moja kwenye thina ya enameli, aina ya rangi ambayo wanja huu umetengenezwa nayo; kwa Tamiya thina hiyo ni X-20, halafu naizungusha juu ya karatasi laini mpaka ibaki na unyevunyevu tu. Pamba ikilowa chepechepe inaingia mferejini na kuubeba wanja wote. Nafuta nikiukata mfereji kwa upana, kamwe si kwa kuufuata urefu wake. Doa linaondoka juu, mstari unabaki chini, na pamba inatoka na ufito wa kijivu. Nageuza upande msafi, naendelea. Mguu mmoja unakula pamba nne au tano. Zile za bei ya chini za dukani huacha nyuzi, kwa hiyo nazisokota kwanza kwa vidole vyenye maji ili zishikane.

Jina la wanja si langu. Mke wangu alinikuta usiku na lile lenzi langu la kutengenezea bodi nimelivaa kichwani, nikigusa pembeni ya bega, akasema, "Kumbe unaitia wanja." Nyumbani jina likabaki hilo. Binti akawa ananiuliza kila jioni, "Baba, na ya kwangu itatiwa wanja lini?" Mimi nalipenda jina hili kwa sababu linasema ukweli wa kazi yenyewe. Wanja hauongezi jicho. Jicho lipo, wanja unalifanya lionekane kutoka mbali.

Mjomba wangu yeye aliliita jina lingine. Ni mchongaji, anakaa Mikindani, amechonga mpingo tangu kabla sijazaliwa. Alikuja kibandani mwezi wa tatu kunitengenezesha simu yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akaichukua roboti ya kulia bila kuomba. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akapitisha ukucha kwenye mfereji wa kifuani.

"Mpwa wangu, hii ni kazi ya nembo."

Bibi yetu wa Newala alikuwa na nembo usoni, mistari na pembe kwenye mashavu na paji la uso, kama walivyokuwa wanawake wengi wa Kimakonde wa rika lake. Mimi nilimkuta mzee sana, mistari ikiwa imefifia na kuwa ya buluu iliyochoka. Mjomba alinisimulia jinsi ilivyofanywa: kisu kidogo, chanjo za kina kinachofanana, kisha masizi yanasuguliwa ndani na uso unafutwa. Cha juu kinaondoka, cha ndani kinabaki. Akaniambia hata yeye akimaliza barakoa ya mapiko, ile inayochongwa kwa mti mwepesi usio mweusi, hupitisha rangi kwenye mikunjo ya kope na pembeni mwa midomo, halafu hufuta kwa kitambaa kabla haijashika. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikijifunza kwenye simu, kwa video za watu wa mbali, kitu ambacho ndugu wa mama yangu anakifanya kilomita kumi na kidogo kutoka hapa. Niliguswa sana siku ile, na tangu hapo nikishika pamba namkumbuka bibi.

Turudi kwenye kichupa. Kinatoka kwa rangi kadhaa, mimi ninazo tatu: kijivu, kahawia na nyeusi. Anayeanza karibu kila mara anataka nyeusi. Hata mimi nilitaka, ila aliyeniuzia alikuwa na kijivu peke yake, na namshukuru. Fanya hesabu uone. Mstari wenye upana wa milimita 0.3 ukiuzidisha mara 144 unapata milimita 43. Kwenye mashine ya mita 18 huo ni ufa wa sentimita nne na ushee, unaweza kutumbukiza vidole viwili. Ukiujaza weusi mtupu juu ya bati jeupe, unautangaza ufa huo kwa kila apitaye, na roboti inafanana na picha ya kitabu cha kupaka rangi. Kijivu juu ya nyeupe kinaonekana kama kivuli cha bati mbili zilizokutana vizuri. Kahawia naiweka juu ya njano na nyekundu; nyeusi juu ya hizo inazifanya zionekane chafu. Nyeusi naiacha kwa buluu, kijivu kilichokoza, na kijani cha jeshi. Kama mfuko unaruhusu kichupa kimoja tu, chukua kijivu.

Binti sikumpa kichupa. Ni enameli, ina harufu kali, inawaka moto, na thina yake haifai kwa mikono ya mtoto. Yeye nilimnunulia kalamu, Gundam Marker ya GSI Creos, ile ya GM02 ya kijivu yenye ncha ya milimita 0.3. Kalamu ni nzuri kwa kazi yake. Unafuata mfereji kwa ncha, ukitoka nje unafuta kwa kidole au kifutio upesi, kazi imekwisha. Haihitaji vanishi, thina wala kusubiri. Kwenye mifereji mirefu iliyonyooka, kama ya ngao, kalamu ya binti inanishinda mimi kwa haraka. Inakwama kwenye mifereji mifupi yenye kona na kwenye duara dogo la misumari: ncha haiingii hadi chini, inapanda ukingoni, na mstari unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Nimelinganisha mikono ya roboti zetu mbili chini ya lenzi. Wa kwake una mistari iliyochorwa, wa kwangu una mistari iliyotiririka. Kwa umbali wa kawaida wa macho, tofauti ni ndogo kuliko nilivyotarajia, na mzazi mwenye mtoto aanze na kalamu bila kusita.

Kabla ya wanja wa chupa, kuna hatua ambayo wengi wanairuka. Tamiya wamekitengeneza kichupa hiki kitumike juu ya rangi ya akriliki au laka iliyokauka. Juu ya plastiki tupu kuna hatari mbili. Ya kwanza, uso ambao si laini unakunywa rangi na kuacha madoa yasiyotoka. Ya pili ni kubwa zaidi: thina ya enameli hupenya plastiki iliyobanwa, kama pale pini ilipoingizwa kwa nguvu kwenye tundu, na kuipasua. Plastiki aina ya ABS ndiyo inayoumia zaidi. Angalia pembeni mwa fremu, zimeandikwa herufi za aina ya plastiki, PS au ABS au PE. Kwenye ABS silazi kabisa enameli, natumia kalamu. Kwenye PS napaka kwanza X-22, vanishi angavu ya akriliki ya Tamiya, nikiwa nimeipunguza kidogo kwa X-20A. Nalaza tabaka moja jembamba kwa brashi laini, naacha usiku kucha chini ya bakuli lililofunikwa ili vumbi lisitue. Na natia wanja vipande vikiwa bado kimoja kimoja, kabla sijavibana.

Soma tena namba hizo mbili: X-20 na X-20A. Herufi moja tu, lakini ni vitu viwili visivyofanana. X-20 ni ya enameli. X-20A ni ya akriliki. Mpango wote umesimama juu ya tofauti hiyo, kwamba kinachofuta wanja hakigusi rangi iliyo chini yake. Ukizibadilisha, umeharibu kazi ya wiki. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata, japo kwa njia ya kifundi simu. Mezani kwangu haikosekani spiriti ya kusafishia bodi, isopropili. Usiku mmoja nilikuwa na Zaku ya kijani, roboti ya maadui kwenye hadithi hiyo hiyo ya Gundam, daraja la High Grade, ambayo bega lake lenye miba nilikuwa nimelipaka nyekundu ya XF-7 kwa tabaka tatu, siku tatu. Nikalitia wanja wa kahawia. Thina ilikuwa upande wa pili wa meza, spiriti ilikuwa mkononi, na nikajiambia kinachosafisha bodi ya simu kitasafisha na hiki. Pamba ilirudi nyekundu. Nilifuta mara moja tu, nikaona kijani ya plastiki ikichungulia katikati ya miba. Akriliki za Tamiya huyeyuka kwenye pombe ya aina hiyo, na enameli juu yake ikabaki imening'inia bila kitu cha kuishika. Nililiosha bega lote kwa spiriti hiyo hiyo mpaka likawa safi, nikaanza upya. Sasa chupa ya thina ina utepe mwekundu shingoni na haikai meza moja na spiriti.

Kwenye rangi zenyewe, anayepaka kwa brashi atapata raha zaidi na Vallejo Model Color za Hispania kuliko na Tamiya za akriliki. Vichupa vya Vallejo vina mdomo wa kudondoshea, unatoa tone moja kwenye kigae, unaongeza maji kidogo, unapaka. Zinajilaza. Za Tamiya zinakauka haraka sana chini ya brashi, ukirudia mahali pale pale tabaka la chini linang'oka. Zinang'ara kwenye mashine ya kupulizia, nami sina. Ila Vallejo haishiki vizuri plastiki tupu, inakwanguka kwa ukucha, kwa hiyo lazima andakoti kwanza. Nikipaka tabaka la kwanza na kuona plastiki chini yake kama kivuli cha nyavu, siongezi rangi hapo hapo. Nasubiri likauke kabisa, napaka la pili. Kwa kawaida la tatu linafunga. Anayeanza asipake roboti nzima. Apake vitu vidogo ambavyo kiwanda hakikuvitenganisha kwa rangi, kama mdomo wa bunduki, sehemu za nyuma za miguu zinazotoa moshi, na ndani ya ngao. Wanja utafanya mengine.

Sasa nije kwenye hali ya hewa yetu, maana maelekezo mengi yameandikwa na watu wasioishi kando ya Bahari ya Hindi. Kazi ikimalizika kuna vanishi ya mwisho ya kufifisha, inayoondoa mng'ao wa plastiki na kufanya roboti ionekane ya chuma. Inakuja kwenye kopo la kupuliza. Mimi nililipuliza Februari, mvua ikiwa imekatika nusu saa tu, kumbikumbi wakiruka taani. Kifua cha Zaku kikageuka cheupe mbele ya macho yangu, kama kioo cha gari asubuhi. Sikuelewa. Nilidhani kopo ni bovu. Baadaye nikajua: kimiminika kinapoyeyuka hewani kinapoza uso wa plastiki, unyevu wa hewa unatua juu yake, unanaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Kopo halikuwa na kosa. Nilikaa na ukungu ule hadi Mei, kusi ilipoanza kuvuma na hewa kukauka, nikapaka X-22 juu yake kwa brashi. Ukungu ukanywea, mistari ya wanja ikarudi kuonekana yote. Kisha nikapuliza upya ile ya kufifisha, mara hii saa sita mchana, jua kali, kopo likiwa limekaa dakika kumi ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu, umbali wa sentimita thelathini hivi, mipulizo mifupi. Ilitoka safi. Kusi nayo ina shida yake, inabeba mchanga, kwa hiyo napulizia ndani ya boksi la televisheni lililolazwa ubavu, mdomo wake ukiwa umeupa upepo mgongo. Kwa aliyeko Mtwara, Lindi au Kilwa ningemwambia hivi: kujenga na kutia wanja fanya mwaka mzima, kupuliza subiri kusi.

Upatikanaji ndio mzigo mzito. Mtwara nzima sijakuta duka lenye vitu hivi. Modeli niliagiza kupitia wakala wa Dar es Salaam, zikaja kwa basi, kilomita 560 na ushee. Kila moja ilinifikia kwa shilingi 46,000. Kalamu, Vallejo na X-22 zilikuja. Vichupa vya enameli na thina vilisumbua, kwa sababu ni vitu vya kuwaka moto na mizigo ya ndege haivipokei kirahisi, hivyo vilisubiri meli, zaidi ya miezi miwili. Panga mapema. Kichupa kilinisimamia shilingi 23,000, na wakala mmoja aliwahi kunifungia kimoja bila kukaza mfuniko wala kukivisha mfuko. Robo yake ilimwagika kwenye boksi na kuchafua karatasi ya maelekezo. Sasa kabla ya kulipa naomba picha ya mfuniko uliozungushiwa utepe. Mililita 40 zinaonekana chache, lakini baada ya roboti tatu, ndege moja na ngao kadhaa za majaribio, changu cha kijivu kimeshuka chini kidogo ya shingo tu. Thina ndiyo inayokwisha. Kwa kila kichupa cha wanja agiza thina mbili.

Kasoro za kichupa chenyewe ninazo mbili. Brashi ya mfunikoni inatanuka nywele baada ya miezi michache, na ikitanuka inaacha doa kubwa kuliko lazima. Nimehamia brashi yangu namba 00, ile ya mfunikoni naitumia kutikisia tu. Na mdomo wa chupa ukiachwa na rangi iliyoganda, mfuniko haufungi vizuri na harufu inajaa chumba. Ufute kila unapomaliza. Dirisha liwe wazi, jiko la mkaa lisiwe karibu, na usiku umeme ukikatika usiwashe mshumaa mezani. Funga chupa, lala.

Mjomba alirudi wiki iliyopita. Simu yake ilikuwa nzima. Alisema anapita tu. Zaku ilikuwa mezani, mguu wa kulia umeshatiwa wanja, wa kushoto bado. Nikamwekea stuli karibu na mwanga, nikampa lenzi, akalikataa, akavaa miwani yake. Nilimweleza habari ya kugusa na kuondoa mkono. Aligusa kwenye goti, akanyamaza, akakiangalia kioevu kikipita. Alitia wanja mguu mzima bila kuacha madoa ninayoacha mimi, akasubiri robo saa akinywa kahawa, akafuta kwa pamba tatu tu. Kisha akachukua kalamu ya risasi na kipande cha boksi, akaniandikia jina la kichupa kwa herufi kubwa ili nimwagizie cha kahawia.